Maji ya Majivu

Paa la chumba cha sampuli lilianza kuvuja Jumatatu, na ilipofika Jumatano neno kuvuja lilikuwa dogo. Theodosia alikwenda kwa mwenye nyumba mara tatu. Mara ya kwanza Mzee Salumu alimwambia fundi yuko Kigoma mjini. Mara ya pili fundi alikuwa amerudi, ila mabati hayajafika. Mara ya tatu mzee aliitazama miguu yake yenye matope juu ya sakafu ya duka, akamwomba arudi nyuma kidogo, asimame barazani, ndipo waongee. Theodosia akarudi nyuma. Mteja akaingia, na mzee akasahau kwamba kuna mtu barazani.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka hilo, mjini Kasulu, na kilipangwa na mradi wa chuo kikuu. Ndani yake mlikuwa na rafu za bahasha za karatasi, na ndani ya kila bahasha mlikuwa na kitu ambacho mtu mwenye akili zake akikiona kwenye mparachichi wake hukikwangua kwa panga: yale magamba ya kijivu, yenye pindo zilizokunjamana, yaotayo juu ya magome na mawe. Wasomi huyaita kuvumwani. Binti mmoja msomi, Firdausi, mzaliwa wa hapo hapo Kasulu, aliyatafuta miezi kumi na mitano kwenye misitu ya Makere, Munanila na kule Kibondo, na juu ya magamba hayo ndiko ilikokuwa imekaa shahada yake. Theodosia alikuwa kibarua wake. Alikunja bahasha, alifagia, alianika.

Kazi hiyo ilikuja na vyumba viwili vya uani. Humo aliishi na mumewe Reverien, ambaye mgongo wake ulimalizwa na baiskeli ya kubebea ndizi, na binti yao Vestina, aliyekuwa kidato cha tatu na kwenda shule kwa mwendo wa dakika kumi. Sasa mradi ulitaka mhudumu wa kudumu, mkataba wa miaka mitatu, vyumba vikiwemo. Dokta Nurudini, mkubwa wa mradi, angefika Ijumaa kuamua.

"Mimi nimeshakusemea," Firdausi alimwambia kabla ya kuondoka kwenda Kibondo. "Akute chumba kiko sawa tu, Mama Vestina. Ukipata, mtoto anamalizia shule hapa hapa."

Asipopata, ilikuwa Makere, kwenye kiwanja cha shemeji yake, na Makere si mahali pa kutoka kwa miguu asubuhi ukawahi kengele ya shule ya Kasulu. Firdausi hakulisema hilo. Hakukuwa na haja.

Basi Jumatano hiyo Theodosia alisimama katikati ya chumba, maji yakimtiririkia kisogoni, akazitazama bahasha za rafu ya juu zimelegea na wino umeanza kutembea. Alimpigia Firdausi simu. Simu ikasema mteja hapatikani. Akatandika kanga, akazipanga bahasha zote zilizolowa, akazifunga, akazibeba kichwani hadi jikoni kwake.

Reverien alikuwa amelala chali kwenye mkeka, hali aliyoizoea. "Hivyo ni vitu vya watu," alisema. "Vitu vya watu vikiharibikia mikononi mwako, ni vyako."

"Na vikiharibikia pale chini ya mvua?"

"Vitakuwa vimeharibiwa na mvua. Mvua haifukuzwi kazi."

Theodosia alimsikia vizuri sana. Alikuja kuyakumbuka maneno hayo baadaye, akamchukia mumewe kwa kuyasema na kujichukia mwenyewe kwa kutoyafuata.

*

Juu ya mafiga kulikuwa na uchanja, fito zilizofungwa kwa kamba za migomba, ambako kila mwanamke wa huku huweka mbegu za maharage zipate moshi na zisiliwe na wadudu. Theodosia alizitandaza bahasha humo. Chini yake, pembeni ya moto, chungu chake kilichotobolewa kitako kilikuwa kikidondosha maji ya majivu, yale makali ya kuivishia maharage magumu. Majivu yake yalikuwa ya maganda ya ndizi na makapi ya maharage, na maji yake mekundu-kahawia yalidondoka ndani ya bakuli.

Bahasha moja ikapasuka kwa kulowa. Gamba likadondokea ndani ya bakuli.

Alilitoa upesi kwa vidole. Mbele ya macho yake lile gamba la kijivu likageuka njano, kisha likawa jekundu, jekundu la damu ya kuku. Theodosia alishtuka, akadhani ameliua. Akachukua jingine linalofanana nalo kama pacha, la bahasha nyingine, akaligusisha maji hayo kwa ncha ya unyoya. Halikubadilika. Akachukua la tatu, likawa jekundu. La nne, hapana.

Aliketi juu ya kigoda. Bahasha zote zile zilikuwa na jina moja, lile jina refu la kisomi ambalo Firdausi aliliandika kwa kuangalia kwa macho tu, kwa sababu dawa za kupimia zilikuwa chuoni. Lakini hapa palikuwa na watu wawili waliopewa jina la mmoja.

Firdausi alikuwa amemfundisha kidogo, siku zile mvua haijaja. Alimwambia kitu hiki si mmea. Ni kuvu aliyemkaribisha mwani nyumbani kwake. Kuvu anajenga nyumba, mwani anapika kwa jua, wanaishi mwili mmoja. Ila jina wanampa kuvu peke yake, na ukoo unafuatwa kwa kuvu.

"Na anayepika haandikwi?" Theodosia alikuwa ameuliza.

Firdausi alicheka hadi akashika mbavu. "Haandikwi, Mama Vestina. Ndiyo sheria yao."

Alimfundisha pia kwamba kazi yake yote ni hiyo: kujua nani ndugu wa nani. Theodosia alilielewa hilo kuliko Firdausi alivyodhani. Alipokuwa msichana, siku walipovuka kutoka Burundi, karani mmoja mwenye daftari aliwauliza majina, yeye na kaka yake. Yeye akasema Niyomwungere. Kaka yake akasema Niyonzima. Kwao kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe anapozaliwa, wala hakuna la kurithi. Karani akauliza ni ndugu gani hao wasio na jina moja, akawaandika kaya mbili. Lori moja likaja Kasulu, jingine likaenda Kibondo. Kaka yule sasa yuko Nduta, kambi ya wakimbizi huko Kibondo, na wajukuu, na kila Theodosia anapokwenda kumwona hupewa karatasi ya ruhusa ijazwe, na mahali pa uhusiano huandikiwa: rafiki. Alishazoea. Uongo. Hakuwa amezoea hata siku moja.

Kwa hiyo alifanya kazi. Jumatano iliyobaki na Alhamisi yote alikata kipande kidogo kwa kila gamba, akakigusisha maji ya majivu, akangoja. Bahasha nyingi zilikuwa na magamba matano au sita ya mti mmoja, na humo humo wekundu walikuwa wamechanganywa na wasio wekundu. Akawatenga. Wekundu wote akawaweka pamoja, wengine wote pamoja, kila ukoo kwenye boksi lake. Bahasha zilizooza kwa maji alizibadilisha kwa mpya, na juu ya kila bahasha mpya akaliandika lile jina refu, herufi baada ya herufi, bila kosa.

Vestina alirudi kutoka shule akachungulia. "Mama, na hizi namba za chini huandiki? Na majina ya vijiji?"

"Hizo ni hesabu zake. Atajaza mwenyewe, anazijua."

"Zote hizo?"

"Amesoma yule. Kalete kuni."

Wakati wa kuwasha moto wa ugali, kuni zilikuwa mbichi kwa mvua. Zile bahasha kuukuu zilikuwa zimekauka juu ya uchanja. Zilishika moto vizuri.

*

Dokta Nurudini alifika Ijumaa saa nne, pamoja na Firdausi aliyetokea Kibondo na matope hadi magotini. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi zilizochanwa vizuri, wa kumsalimu kibarua kwa mikono miwili. Aliuliza habari za mgongo wa Reverien. Alikunywa chai ya Theodosia, akaisifu. Theodosia alikuwa amevaa gauni la kanisani.

"Chumba kilivuja," alisema. "Lakini nimeziokoa. Na kuna kitu nataka muone."

Aliweka bakuli mezani. Akachukua gamba kutoka boksi la kwanza, akalichovya. Likawa njano, likawa jekundu. Akachukua la boksi la pili, akalichovya. Likabaki lilivyo.

Dokta Nurudini alivua miwani. Akaivaa tena, akarudia mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili. "Nani amekufundisha hili, mama?"

"Hakuna aliyenifundisha. Ni maji ya kupikia maharage."

"Firdausi," alisema yule mzee, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtoto, "hizi si aina moja. Umeziita aina moja miezi kumi na mitano. Huyu mama amezitenga kwa bakuli la jikoni."

Theodosia alimtazama Firdausi, akaona uso wake umeingia aibu na furaha kwa pamoja, akafurahi naye. Kwa muda wa dakika moja, labda mbili, kazi ilikuwa yake. Aliiona kabisa. Alimwona Vestina na cheti chake cha kidato cha nne.

"Wekundu ni wangapi!" alisema Dokta Nurudini akipekua boksi. "Hawa wametoka wapi?"

"Msituni."

"Msitu upi?"

"Ile yote. Makere, Munanila, na kule Kibondo."

"Ndiyo, lakini huyu hapa. Huyu mmoja. Mti gani, kijiji gani?" Aligeuza bahasha. Upande wa pili ulikuwa mweupe. Akageuza nyingine. "Lebo iko wapi?"

Firdausi alishaanza kuelewa. Alikuwa akitoa bahasha moja baada ya nyingine, haraka haraka. "Mama Vestina. Bahasha zangu za mwanzo ziko wapi?"

"Zililowa. Zilikuwa zimeoza, mwanangu."

"Ziko wapi?"

"Niliwashia moto."

Firdausi aliketi sakafuni pale pale, kwenye maji. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Zile namba ulidhani ni za nini?" aliuliza.

"Za kuhesabia."

"Zilikuwa mahali. Kila namba ni mahali, ni mti, ni siku. Daftari langu lina namba na mahali, lakini sasa sijui ipi ni ipi. Umewatoa mti huu ukawaweka na wa mti ule."

"Nimewaweka na ndugu zao," alisema Theodosia. "Mahali ni pale mtu alipolala tu. Ndugu ni ndugu popote."

Dokta Nurudini alirudisha gamba kwenye boksi, taratibu. Upole wake haukuondoka, na hilo ndilo lililomuumiza Theodosia zaidi, kwani mtu akikutukana unaweza kumjibu. "Mama," alisema, "umeona kitu ambacho sisi hatukukiona. Nasema kweli. Lakini katika kazi hii, sampuli isiyojulikana imetoka wapi ni takataka. Haina nafasi popote. Hizi zote ni za kutupa."

Aliagiza chai nyingine. Hakuna aliyeinywa.

*

Barua ilikuja Jumanne iliyofuata, na ilisomwa na Vestina kwa sauti kwa sababu mama yake alitaka aisikie, asiisome. Ilisema mhudumu wa muda ameharibu sampuli kwa uzembe. Ilimshukuru. Ilitaka vyumba vikabidhiwe mwisho wa mwezi. Paa halikutajwa mahali popote.

"Soma tena pale pa uzembe," alisema Theodosia.

"Mama, basi."

"Soma."

Vestina alisoma tena, na machozi yakamdondokea karatasini, naye akayafuta upesi kwa mkono wa sweta la shule. Sweta hilo alilivaa siku kumi na moja zaidi.

Reverien alitaka kusema kitu kuhusu mvua. Alikuwa nacho mdomoni tangu Ijumaa, na mkewe alikiona kilivyokuwa kikimwasha. Lakini alimtazama, akageukia ukuta. Katika ndoa yao yote huo ulikuwa wema mkubwa kuliko mwingine wowote aliowahi kumtendea.

Siku ya kuhama Mzee Salumu alikuja mwenyewe kupokea ufunguo. Alipitisha kidole dirishani. Akasema jikoni kuna masizi, yakwanguliwe. Theodosia alikwangua masizi huku mizigo yake ikiwa nje kwenye toroli na majirani wakipita kusalimia, wengine wakipita mara mbili. Juu ya kichwa chake, upande wa chumba cha sampuli, fundi alikuwa akigongelea mabati mapya. Kulikuwa na mhudumu mpya, Abdalah, mtoto wa dada yake Mzee Salumu, ambaye alisimama mlangoni akingoja amalize ili aingize kitanda.

"Samahani, mama," Abdalah alisema. "Nipishe kidogo."

Theodosia akarudi nyuma.

*

Firdausi alifika Makere baada ya masika kupita, kwa pikipiki, bila kuarifu. Aliwakuta kwenye nyumba ya udongo ya chumba kimoja na sebule, uani kwa shemeji. Reverien alikuwa kwenye mkeka wake. Vestina alikuwa shambani kwa watu, akipalilia, na Firdausi alipouliza habari za shule, Theodosia alisema, "Ndiyo hiyo unayoiona," akampisha kigoda.

Akamletea togwa. Firdausi alikunywa yote, kwa aibu.

"Nimekuja kukwambia ulikuwa sahihi," alisema. "Nilirudi msituni mwanzo hadi mwisho, nikaokota upya. Tumepeleka kwenye mashine inayosoma vinasaba. Ni aina mbili kabisa, wala si ndugu wa karibu. Wanafanana sura kwa sababu wanaishi kwenye miti ya namna moja, wanapigwa na jua moja. Yule mwekundu ndugu yake hasa ni yale magamba bapa ya kwenye mawe. Ungewaona usingeamini."

"Ningeamini."

"Na tumempata kwenye mti mmoja tu, Munanila. Kwingine wamekata miti kwa mkaa. Lile boksi lako la wekundu bado ninalo, Mama Vestina. Limejaa. Sijui hata mmoja ametoka wapi."

Huo ulikuwa msiba wao wa pamoja, na kwa muda huo hapakuwa na mwajiri wala kibarua pale uani.

"Umewapa majina mawili?" aliuliza Theodosia.

"Mawili."

"Ego, ndiyo. Ni vizuri."

Kisha Firdausi akatoa daftari, na Theodosia akajua kwamba alikuwa hajasema bado kilichomleta. Mradi ulitaka kuwafundisha walinzi wa misitu ya vijiji kupima wenyewe. Dawa ya maabara ni kali, inachoma ngozi, kuisafirisha ni shida. Dokta Nurudini alikumbuka lile bakuli. Je, ni majivu ya nini, kiasi gani, maji yanadondoshwa mara ngapi?

Theodosia alifikiri kumnyima. Alifikiri hivyo kwa moyo wote, kwa uchungu wote wa miezi ile, hata akaiona ladha yake. Halafu akauliza jambo jingine.

"Hiyo mashine. Inaweza kusoma mtu?"

"Mtu vipi?"

"Musaza wanje, kaka yangu, yuko Nduta. Wanasema watarudishwa Burundi, na aliye na ndugu wa damu raia wa hapa, kama mimi, anaweza kuomba abaki, ndivyo nilivyosikia. Nikienda ofisini wananiambia karatasi inasema rafiki. Nikitema mate, naye akitema, mashine si itasema?"

Firdausi alitazama chini. "Mashine za watu zipo. Ila ile yetu ni ya kuvu, Mama Vestina. Fedha zake ni za kuvu. Siwezi kumwingiza mtu mle."

"Hata kwa siri?"

"Hata kwa siri."

"Haya," alisema Theodosia. Aliwafukuza kuku waliokuwa miguuni pao, wakahamia upande wa pili wa ua. "Andika. Maganda ya ndizi ya kupika, yaliyokauka. Makapi ya maharage. Usitie kuni, kuni zinaharibu. Maji yapite mara mbili, yakuume ulimini."

Firdausi aliandika, akauliza, akaandika tena. Alipotaka kufunga daftari Theodosia aliweka mkono juu ya ukurasa.

"Andika yametoka wapi. Mlisema isiyojulikana imetoka wapi ni takataka."

Binti wa watu aliinama. Uso ulimchoma. "Kweli. Naandika. Makere, wilaya ya Kasulu. Na jina. Theodosia nani?"

"Niyomwungere."

"Hilo ndilo jina la baba?"

"Ni langu. Kwetu kila mtu ana lake."

"Fomu yao inataka la ukoo. La baba au la mume, basi." Firdausi alisita na kalamu hewani, kisha, kwa kuwa alikuwa na haraka na pikipiki ilikuwa ikingoja, na kwa kuwa alitaka kwa dhati jina hilo liingie, aliandika kile kilichoingia kwenye nafasi. Akamgeuzia aone.

Theodosia Reverien, Makere.

Theodosia alilisoma. Alifikiri juu ya mtu yeyote atakayekuja kulisoma huko mbele, na kwamba mtu huyo hata akikaa na daftari hilo upande mmoja na daftari la wageni la Nduta, lenye Niyomwungere, upande wa pili, hatajua ni mtu mmoja, wala hatamwona kaka yake.

"Ni sawa?" aliuliza Firdausi.

"Ni sawa," alisema Theodosia, akaichukua kata ya togwa, akaingia ndani kuiosha.